Wiki Moja Istanbul: Chagua Saa Kabla ya Kuchagua Mgahawa

Kila mtu wangu wa karibu anapopata safari ya Istanbul, awe anakwenda kufunga mzigo Laleli, mtaa wa maduka ya jumla, au kutembea tu, swali linalonifikia ni lile lile: nikale wapi? Anataka majina. Majina ninayo na machache nitayataja, lakini mji ule una watu zaidi ya milioni 15 na umekaa kwenye mabara mawili. Njaa haingoji ufike kwenye orodha yako. Itakushika saa saba mchana uko Beyazıt na mifuko mikononi, na mgahawa uliosifiwa uko ng'ambo ya maji.

Mimi naanza na saa. Istanbul ni mji unaopika kwa zamu: kuna chakula cha alfajiri, kuna cha adhuhuri ambacho kufika saa tisa kimekwisha, na kuna cha usiku wa manane. Mgahawa mzuri ukiuingia saa isiyo yake utapewa kiporo cha mchana, kisha utarudi kwenu unawasema vibaya wapishi wasio na kosa. Ukishajua saa, angalia uko mtaa gani. Mlango wenyewe ni wa mwisho kuchaguliwa, na ukifika hapo kazi imebaki ndogo.

Mchana, fuata wenye maduka

Mlo mkuu wa siku ufanye wa mchana, na uule kwenye esnaf lokantası. Hizi ni hoteli za chakula zilizokua kwa ajili ya wauza duka, mafundi na wachukuzi wa sokoni. Aliyezoea kula kwa mama ntilie hatapotea humo. Chakula kimepikwa asubuhi, kimepangwa nyuma ya kioo kwenye vyombo vipana vinavyowekwa moto kwa mvuke, na mteja anakwenda kuchagua kwa macho. Kituruki hakihitajiki. Unaonyesha kwa kidole, mpakuaji anapakua, unakaa, na mkate unakukuta mezani.

Utakachokikuta humo ni maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwa nyanya na siagi (kuru fasulye), bilinganya zilizopasuliwa na kujazwa nyama ya kusaga (karnıyarık), nyama ya kondoo na viazi, bamia ndogo ndogo zilizotiwa limau, majani ya mzabibu yaliyofungiwa mchele, na wali mweupe wenye vipande vya tambi zilizokaangwa. Kuna pia mboga zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, na hizo huliwa baridi. Shemeji yangu aliwahi kuirudisha sahani ya maharage mabichi ili ipashwe moto. Mzee wa kaunta alimtazama kwa huruma, akaichukua, akaizungusha jikoni, akairudisha ikiwa baridi vile vile. Ndivyo inavyoliwa.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui: unaweza kuomba sahani iwe ndogo. Sema "az" (kidogo) au "yarım" (nusu) huku unaonyesha chakula, utapakuliwa kidogo na utalipia kidogo. Kwa mtu mwenye siku saba tu hii ni mali. Badala ya kushindana na sahani moja kubwa, unakula aina tatu kwa mkao mmoja, na kufika siku ya tatu unajua tumbo lako linapenda nini. Ukiona mwenyeji anaagiza "bir buçuk", huyo ana njaa kweli, anataka moja na nusu.

Saa nzuri ni kuanzia saa sita kasoro hivi mpaka saa saba. Kuanzia saa nane vyombo vinaanza kuonyesha chini, na lokanta nyingi za sokoni hufunga kabla ya jioni. Anayesema atakula lokanta usiku kwa sababu mchana ana shughuli atakuta pilau lililokauka, au mlango umefungwa.

Mlango mzuri unautambuaje? Mimi siangalii kibao cha nje wala mapambo. Naangalia vitu viwili. Cha kwanza ni sinia: kijana akitoka na sahani zilizofunikwa anapeleka madukani, hapo wenye mtaa wamekabidhi matumbo yao, na mtu anayekula mahali kila siku hadanganywi mara mbili. Cha pili ni wingi wa vyakula, na hapa nataka uchache. Vyakula kumi na tano vilivyopikwa leo ni kazi ya jiko linalofanya kazi. Kitabu cha menyu chenye kurasa kumi na mbili, pizza humo, baga humo, kebabu ishirini humo, ni kazi ya friza.

Ukiwa Sirkeci, ingia Hocapaşa, kichochoro kilicho karibu na stesheni ya treni iliyofunguliwa mwaka 1890, ile ambako Orient Express ilikuwa ikikomea. Pale lokanta, wachoma köfte (vidonge vya nyama ya kusaga) na waoka pide (mkate bapa wenye nyama au jibini juu) wamebanana. Ukiwa juu kilimani, mbele ya msikiti wa Süleymaniye alioukamilisha Mimar Sinan mwaka 1557, kuna safu ya hoteli za maharage: maharage, wali, achari ya mboga na ayran, yaani mtindi uliotiwa maji na chumvi. Kula pale adhuhuri kisha ingia msikitini, au swali kwanza kisha ukale. Vyovyote, usipande kilima kile mara mbili. Ndani ya Kapalıçarşı, soko kubwa lenye paa, kuna lokanta ndogo kwenye vichochoro vya nyuma zinazowalisha wauzaji wenyewe, ila soko hufungwa Jumapili na lokanta zake hulala nalo. Na ukiwa Üsküdar, Kanaat ipo tangu mwaka 1933: ina wahudumu, vitamu vya kila namna, haiuzi pombe, na bei yake iko juu kidogo ya zile za sokoni. Mpeleke mzee wako pale, si wewe na vijana wenzako wenye haraka.

Asubuhi ni za aina mbili

Kama hoteli uliyolala inatoa kifungua kinywa, kile, lakini usikile siku zote saba. Siku mbili au tatu toka nje mapema utafute çorbacı, duka la supu. Supu ya adesi (mercimek) ipo kila mahali, unakamulia limau na kunyunyizia pilipili kavu, na inakuweka mpaka adhuhuri bila kukulemea. Anayependa supu ya kongoro na kichwa aulize kelle paça. Supu ya utumbo, işkembe, hiyo ina saa yake nyingine: huliwa usiku sana, na kitunguu saumu na siki vimewekwa mezani ujitilie mwenyewe. Wapo wanaoinywa asubuhi pia. Mimi simo.

Aina ya pili ni serpme kahvaltı, kifungua kinywa cha kutandaziwa meza: jibini, zeituni, nyanya na matango, jamu, mayai ya menemen, asali na kaymak, ambayo ni malai mazito, na chai isiyokatika. Chakula hiki hakifai kwa mwenye shughuli asubuhi. Kinachukua saa mbili na kinafuta hamu ya mlo wa mchana. Tena sehemu nyingi huandaa kwa watu wawili kwenda juu, kwa hiyo msafiri peke yake aulize kabla ya kukaa. Beşiktaş kuna mtaa mzima wa kazi hii. Nenda siku ya kazi. Mwishoni mwa wiki wenyeji wanajaa na utasimama nje ukinusa mayai ya wengine.

Siku zilizobaki, simit inatosha: mkate wa duara uliojaa ufuta, unauzwa kwenye vitoroli barabarani. Ununue kabla ya saa tatu ukiwa bado unavunjika vizuri. Wa alasiri unatafunika kwa kung'ang'ania.

Mtaa: mahali ulipo ndipo utakapokula

Gawa wiki yako kwa mitaa, usiigawe kwa migahawa. Siku utakayokuwa Laleli na Aksaray kwa ununuzi, kula huko huko. Siku ya kutazama majengo ya kale Sultanahmet, usile Sultanahmet; teremka na reli ya tramu hadi Sirkeci, ni mwendo mfupi kwa miguu.

Aksaray na Fatih kuna migahawa ya Wasiria, na pia utakuta ya Wasomali na Waafrika wengine. Najua kuna wakali wanaosema ukienda ugenini ule cha ugenini tu. Mimi nasema uiweke akiba kwa siku ya nne au ya tano, pale ulimi utakapokuwa umechoka na nyanya na mtindi na unadai wali wenye viungo. Mlo mmoja wa namna hiyo unakurudishia hamu ya kula Kituruki siku zilizobaki.

Fatih hiyo hiyo, chini ya mfereji wa kale wa maji uliojengwa na Warumi katika karne ya 4, kuna uwanja unaoitwa Kadınlar Pazarı. Wengi wa wenye maduka pale asili yao ni Siirt, kusini mashariki ya nchi. Chakula chao ni büryan, nyama ya kondoo au mbuzi inayoning'inizwa ndani ya shimo la moto mpaka inalainika, kisha inakatwa kwa shoka dogo na kuwekwa juu ya mkate. Kuna pia perde pilavı, wali na kuku vilivyofunikwa kwa unga mwembamba na kuokwa kama kofia. Nenda mchana mapema, omba nyama yenye mafuta kidogo, na usivae nguo nyeupe. Ningekuwa na mlo mmoja tu Istanbul ningeula pale, na nalisema hili nikijua wapo watakaonipinga kwa sababu ya Kadıköy.

Kadıköy wana hoja. Panda feri kutoka Eminönü au Karaköy, dakika ishirini hivi, nauli unakwangua kwa Istanbulkart, kadi ya nauli ile ile ya tramu. Hiyo ndiyo siku yako ya Jumapili, kwa sababu Kapalıçarşı limefungwa na maduka mengi ya jumla Laleli pia, wakati soko la chakula la Kadıköy limechangamka. Ndani yake kuna Çiya, kazi ya mpishi Musa Dağdeviren, ambaye tangu mwaka 1987 amekuwa akikusanya mapishi ya vijijini yaliyokuwa yanasahaulika. Lokanta yao inauza kwa mtindo ule ule wa kuonyesha kwa kidole, ila yaliyomo kwenye vyungu hubadilika kwa majira na hutayakuta kwingine. Chukua sahani ndogo ndogo. Ukitoka, zunguka sokoni unywe maji ya achari, ule kome waliojazwa wali (midye dolma) kama una ujasiri: mwuzaji anafungua mmoja mmoja, anakamulia limau, anahesabu magamba mwishoni. Mimi wakati wa joto kali siwagusi, na wakati wa baridi nawala tu kwa mwuzaji mwenye foleni.

Jioni

Usiku ni wa nyama ya kuchoma na samaki. Kwa nyama tafuta ocakbaşı, mahali ambapo jiko la mkaa liko katikati na wewe unakaa ukilizunguka. Adana ina pilipili, Urfa haina. Tofauti kubwa ni hiyo, usiumize kichwa na majina mengine. Vitu vya mwanzo vya mezani, vitunguu vilivyochomwa, saladi ya nyanya yenye siki ya komamanga, mkate mwembamba wa moto, vinashibisha kabla nyama haijafika. Jizuie.

Samaki ni habari ya majira. Meli kubwa za uvuvi hupigwa marufuku kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Agosti, kwa hiyo ukienda Julai samaki mwingi wa mezani ni wa kufugwa au wa kutoka nje. Vuli ndiyo saa ya palamut na lüfer, na msimu wa baridi wa kule ni wa hamsi, dagaa wa Bahari Nyeusi wanaokaangwa na unga wa mahindi. Samaki mzima huuzwa kwa kilo. Uliza bei ya kilo, apimwe mbele yako, upewe hesabu kabla hajaingia motoni. Ukiona aibu kuuliza, agiza köfte. Ule mkate wa samaki maarufu wa Eminönü kandokando ya maji, vibua wake mara nyingi ni wa barafu kutoka Norway. Ni mtamu hata hivyo, lakini usimlipie ukidhani ametoka chini ya daraja.

Kuhusu pombe: nyama katika migahawa ya kawaida ni halali, na nguruwe hutamkuta bila kumtafuta. Lakini migahawa mingi ya samaki na zile ziitwazo meyhane huuza pombe, na mlo wao umepangwa kuzunguka glasi. Asiyetaka kukaa hapo aulize "alkolsüz?" (bila pombe?) mlangoni. Fatih na Üsküdar hutahitaji hata kuuliza.

Vitamu usivile pale pale ulipokula nyama. Nyanyuka, tembea, nenda duka la vitamu. Karaköy Güllüoğlu wanauza baklava kwa uzito, na unaruhusiwa kununua vipande viwili tu. Baklava ya Gaziantep ndiyo bidhaa ya kwanza ya Uturuki kupewa ulinzi wa jina na Umoja wa Ulaya, mwaka 2013. Ukiionja yenye pistachio mbichi za kijani utaelewa kwa nini jina lake lilindwe. Usiku wa baridi, panda hadi Vefa, duka lililopo tangu mwaka 1876, unywe boza, kinywaji kizito cha nafaka kilichochachuka kidogo, chenye mdalasini na dengu za kukaanga juu. Ladha yake inagawa watu. Nunua glasi moja kwa wawili kwanza.

Milango ya kupita mbali

Mtu anayesimama nje akikuita "rafiki, rafiki" huku ameshika menyu yenye picha, mpite. Mgahawa unaojaa wenyeji hauna mtu wa kumlipa asimame barabarani. Menyu isiyo na bei, usikae. Vikiletwa vidogo vidogo mezani ambavyo hukuagiza, uliza kama ni vya bure kabla ya kugusa. Mkate na chai ya mwisho mara nyingi ni vya bure, sahani za jibini na pweza sivyo.

Na kuna ile ya Taksim usiku: mwanamume mchangamfu anakusalimia kwa Kiingereza, anajifanya naye ni mgeni mjini, anapendekeza mahali pa kuketi. Bili itakayokuja itakuwa kubwa kuliko nauli ya ndege, na walinzi mlangoni hawatacheka. Mwanaume anayesafiri peke yake ndiye anayelengwa. Salamu ijibu, miguu isisimame.

Nyota za maoni kwenye simu nazo zisome kwa akili. Wapo wanaotoa kitamu cha bure kwa mteja atakayeandika sifa akiwa bado mezani. Panga maoni kwa mapya kwanza, soma yaliyoandikwa Kituruki hata kama ni kwa msaada wa programu ya kutafsiri, na tafuta picha za bili. Tazama tarehe ya picha hiyo. Mfumuko wa bei wa Uturuki ulipita asilimia 85 kwa mwaka mnamo Oktoba 2022, na tangu hapo bei zimeendelea kupanda, kwa hiyo bei ya mwaka juzi haina kazi tena, na hata hii makala siitii bei kwa sababu hiyo. Linganisha tu: ingia lokanta moja ya sokoni siku ya kwanza, shika bei ya supu ya adesi, na hiyo ndiyo mizani yako ya wiki nzima. Supu hiyo hiyo ikiuzwa mara tatu mahali, unalipia mandhari.

Mwongozo wa Michelin uliingia Istanbul mwaka 2022 na sasa ipo migahawa yenye nyota. Kwa migahawa hiyo, agiza meza kabla hujapanda ndege, na iwe usiku mmoja. Sina zaidi ya kusema hapo.

Kama safari imeangukia Ramadhani, geuza ratiba yote. Lokanta za mchana hupungua, hasa Fatih na Üsküdar, na magharibi kila kiti kina mwenyewe; mgahawa mzuri unahitaji kupigiwa simu siku moja kabla, na mara nyingi utapewa menyu ya futari ya bei moja. Mitaa mingine hukesha mpaka daku, na güllaç, kitamu cha maziwa na karatasi laini za wanga, hutoka kwa wingi mwezi huo. Hata nje ya Ramadhani, Ijumaa adhuhuri sehemu ndogo hufunga kwa muda wa swala. Kula kabla ya saa sita au subiri wakirudi.

Maji nunua ya chupa. Kadi ya benki inapokelewa karibu kote, ila kwa simit, kome na chai ya kichochoroni uwe na sarafu. Bakshishi kwenye mgahawa wa kuhudumiwa ni kama asilimia kumi. Lokanta acha chenji, inatosha.

Siku ya kuondoka, kula mjini. Uwanja mpya wa ndege uko mbali, kaskazini, usafiri wake unaweza kula zaidi ya saa moja, na chakula cha ndani kina bei isiyo na uhusiano na mji ulioutoka. Kama ndege ni ya usiku, adhuhuri pitia lokanta yako ya wiki nzima ule sahani tatu ndogo, kisha nunua simit mbili na jibini kipande uweke kwenye mkoba wa mkononi. Baklava ya zawadi omba ifungwe kwa safari, na iwe ile kavu isiyo na malai, vinginevyo nguo ulizofunga zitafika nyumbani na sharubati.